Yaliyotangulia Mlolongo: Funzo kwa Anayemlalamikia Askari

Josephat Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda upande wa Mlolongo, mji wa malori na maghala ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Aprili 2015 alisimamishwa na askari wa Polisi wa Utawala wa kambi ya Syokimau, na kabla hawajaachana alikuwa amepigwa risasi ya mkono. Mtu asiye na silaha akipigwa risasi na askari, ungetarajia askari ndiye aulizwe kwanza. Lakini Mwenda ndiye aliyefunguliwa mashtaka.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunakumbuka mwisho wake tu. Tunakumbuka magunia yenye miili yaliyoopolewa mtoni. Mwisho huo unatisha, lakini hautufundishi kitu kama hatuijui njia iliyofika hapo. Njia yenyewe ilikuwa na dalili nyingi, tena za wazi, ambazo mtu yeyote angeziona, na ambazo mtu yeyote, mimi nikiwemo, angeweza kuzipita bila kusimama.

Mwenda hakunyamaza. Alipiga moyo konde akamshtaki askari huyo kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ile tunayoiita IPOA. Alifanya lile ambalo serikali yenyewe imekuwa ikituhimiza tufanye. Ili tuelewe kwa nini hatua hiyo haikumlinda, ni vizuri tujue mamlaka hiyo ilitoka wapi na mkono wake unafika wapi.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iligundua kwamba watu 1,133 walikuwa wamekufa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Wakenya walikuwa wakiuliza swali moja: askari akikuumiza, umwendee nani? Wakati huo jibu lilikuwa kwamba urudi kituo kile kile, ukaandikishe malalamiko mbele ya wenzake. Tume ikapendekeza chombo huru, nje ya polisi, na Sheria ya IPOA ikapitishwa mwaka 2011. Chini ya sheria hiyo, kifo au jeraha baya lililosababishwa na polisi ni lazima liripotiwe kwa mamlaka. Raia yeyote anaweza kulalamika bila kulipa chochote.

Hata hivyo, IPOA inachunguza na kupendekeza. Haimfungi askari wala haimfuti kazi. Ikiona kuna kosa la jinai, faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ikiona ni kosa la nidhamu, pendekezo huenda kwa wakuu wa polisi na kwa Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Adhabu za nidhamu zimeandikwa katika Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi: kukaripiwa, kusimamishwa kazi, kutozwa faini, kunyimwa nyongeza ya mshahara, kushushwa cheo, hadi kufutwa kazi. Ndani ya polisi kwenyewe pia kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani, nacho hupokea malalamiko. Ukiyasoma haya yote kwenye karatasi utaona mpango mzuri. Na si karatasi tupu: Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga askari wawili miaka 7 kila mmoja kwa kumuua msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale, katika kesi iliyochunguzwa na IPOA. Ilikuwa mara ya kwanza kazi ya mamlaka hiyo kumfikisha askari gerezani.

Ila kutoka siku ya kulalamika hadi siku ya jibu kuna miezi mingi, pengine miaka. Katika muda huo wote mlalamikaji yuko wapi? Yuko pale pale alipokuwa, akiendesha pikipiki yake kwenye barabara zile zile. Na askari aliyelalamikiwa yuko wapi? Naye, mara nyingi, yuko pale pale, na sare yake, na wenzake. Tofauti ni kwamba sasa anajua jina la mtu anayeweza kumwachisha kazi.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Dalili ya kwanza ilikuwa yale mashtaka. Mtu aliyejeruhiwa anageuzwa mshtakiwa, na sisi tuliozoea kuona watu wakisingiziwa kesi tunasema, "Ndivyo walivyo." Lakini tazama kinachotendeka mtu akisingiziwa kesi baada ya kuumizwa. Kwanza, ushahidi wake unapungua uzito, maana sasa ni neno la mshtakiwa dhidi ya neno la askari. Pili, anaanza kutumia pesa asizo nazo: dhamana, nauli, siku za kazi zilizopotea. La tatu ndilo ninaloona hatulifikirii kabisa. Mashtaka humpangia mtu ratiba. Kila kesi inapoahirishwa, tarehe mpya inaandikwa, na tarehe hiyo si siri. Askari anayemwinda anajua ni siku gani atakuwa mahakamani, ataingia saa ngapi, na atapita barabara gani akitoka. Mtu wa bodaboda ambaye kutwa yuko huku na huku, asiyepatikana kirahisi, anakuwa mtu wa kupatikana.

Dalili ya pili ilikuja Desemba 2015. Mwenda alikamatwa tena, safari hii kwa makosa ya barabarani. Kwa kuwa waendesha bodaboda hukamatwa kila siku, tukio hilo lingeonekana la kawaida kwa yeyote aliyelitazama peke yake. Hakimu alilipokea kama kesi ya trafiki. Faili la risasi lilikuwa kwa IPOA, faili la mashtaka lilikuwa kortini, na faili la trafiki nalo likafunguliwa kama jambo jipya. Ni mtu mmoja anayesakamwa, lakini kila ofisi inaona kipande chake tu.

Aliyeviunganisha vipande hivyo alikuwa Willie Kimani, wakili kijana wa shirika la International Justice Mission, ambalo huwatetea maskini walioonewa na polisi. Kimani na wenzake waliona kwamba kesi zile zilikuwa njia ya kumchosha Mwenda mpaka aondoe malalamiko yake, na ndiyo maana wakasimama naye. Tuseme wazi kwamba hawakuwa wazembe wala hawakuwa wajinga. Walifanya kazi ya sheria kwa njia ya sheria. Kosa halikuwa lao. Ila walikuwa upande mmoja, na nguvu zote za kumwondoa yule askari barabarani zilikuwa upande mwingine.

Hiyo ndiyo dalili ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: zaidi ya mwaka mmoja baada ya risasi, askari aliyelalamikiwa alikuwa bado kazini, bado Syokimau. Jina lake Fredrick Leliman. Malalamiko yalikuwepo, mlalamikaji alikuwa amekamatwa tena, na bado hapakupatikana mkubwa wa kusema, "Huyu akae ofisini mpaka jambo hili liishe." Ni rahisi kuwalaumu wakubwa, na lawama wanayo. Lakini nasi tunaoishi karibu na vituo hivi huwa tunawaona askari wanaolalamikiwa wakiendelea na doria kama kawaida, na hatuulizi. Tumezoea. Mazoea ya namna hii ni kitu kibaya sana.

Tarehe 23 Juni 2016, Mwenda alikuwa na tarehe yake katika mahakama ya Mavoko. Kimani alikwenda kumwakilisha. Dereva wa teksi, Joseph Muiruri, ndiye aliyewabeba. Kesi iliposimama kwa siku hiyo, watatu hao wakaingia garini kurudi Nairobi, na hawakufika. Walitekwa njiani, upande wa Mlolongo, wakapelekwa kambi ya Polisi wa Utawala ya Syokimau na kufungiwa katika seli iliyotengenezwa kwa kontena la chuma. Gari la Muiruri lilikuja kupatikana limeachwa Limuru, upande mwingine kabisa wa Nairobi.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 49, inasema aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu, ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wanaoweza kumsaidia, na ni lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Ndani ya kontena lile alikuwamo wakili anayeijua ibara hiyo neno kwa neno. Haikumfaa kitu. Alichokuwa nacho ni kipande cha karatasi ya msalani. Akaandika juu yake namba ya simu ya mkewe na ujumbe mfupi wa kuomba apigiwe aambiwe kwamba yeye yuko hatarini, kisha akaitupa nje. Mtu akaiokota, akapiga simu.

Tumfikirie kidogo mtu huyu aliyeokota. Alikuwa nje ya kambi ya polisi. Karatasi ile ilikuwa taka. Angeweza kuiacha pale chini, au aisome aogope, aitupe tena, aende zake. Wengi wetu tungefanya hivyo, na tungejiambia kwamba mambo ya serikali hayatuhusu. Yeye alipiga simu, na kwa sababu hiyo ikajulikana mapema kwamba watatu wale walikuwa wamepita mikononi mwa polisi. Simu ile haikuwahi kuwaokoa, lakini karatasi yenyewe ilifika mahakamani kama ushahidi.

Baada ya wiki moja hivi, miili yao ilipatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk, Kaunti ya Machakos. Mawakili kote nchini wakasusia mahakama na kuandamana. Askari wanne wakakamatwa, kisha raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi. Kesi ikachukua miaka 6. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani watu wanne: Leliman, askari wenzake wawili, na yule mpasha habari, ambaye maungamo yake yalieleza jinsi mpango ulivyosukwa. Askari wa nne aliachiliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Tarehe 3 Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Mahakama iliona kwamba sababu ya mauaji ilikuwa malalamiko ya Mwenda kwa IPOA. Kimani na Muiruri waliuawa kwa kuwa walikuwa pamoja naye siku ile.

Muiruri alikuwa kazini tu, akiendesha gari. Nalisema hili kwa sababu mtu anayelalamika huwa hayuko peke yake hatarini. Kila anayemsindikiza yumo: dereva, ndugu, jirani aliyekubali kuwa shahidi, mke nyumbani.

Sasa tufanye nini? Wapo watakaosema somo ni kukaa kimya. Nalipinga jambo hilo kwa moyo wangu wote. Askari mbaya hutegemea kimya chetu, na anayeumiza mmoja bila kuulizwa ataumiza wa pili. Tulalamike. Lakini tulalamike tukijua kwamba siku ya kulalamika ndiyo siku hatari inapoanza kuongezeka, na tujipange kuanzia siku hiyo hiyo.

Kama umeumizwa, nenda hospitali kwanza, na utunze nakala za matibabu. Ripoti kituoni, udai namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha matukio, pamoja na fomu ya P3 ya kujaziwa na daktari, na utunze nakala yake. Ukiogopa kituo kile, nenda kingine, au nenda moja kwa moja kwa IPOA. Ndugu yako anaweza kwenda kwa niaba yako. Andika tarehe, saa, mahali, namba ya gari, namba ya askari kama uliiona. Nakala zisikae kwako peke yako. Mpe mtu unayemwamini, anayeishi mbali na hapo.

Halafu, na hapa ndipo wengi tunapoteleza, usiyafunge malalamiko yako kichwani baada ya kuyapeleka. Lolote litakalotokea baadaye kutoka kwa askari yule au wenzake, lipeleke kwenye faili lile lile kwa maandishi. Ukisimamishwa barabarani bila sababu, andika. Askari akija steji kukuulizia, andika. Ukipigiwa simu na mtu asiyejitambulisha akikushauri "myamalize", andika. Ukifunguliwa kesi mpya, hata ya kukosa kofia ya pikipiki, wakili wako amwambie hakimu siku hiyo hiyo kwamba aliyeshtakiwa ni mlalamikaji dhidi ya polisi, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Kitu kidogo kikikaa peke yake hudharauliwa. Kikiwekwa pamoja na vingine vitano hakidharauliki.

Siku za mahakama, msitoke wawili watatu na gari moja. Nendeni kundi. Mtu mmoja abaki nje ya gari akiwa na simu, ajue mmeondoka saa ngapi na mnatarajiwa kufika saa ngapi, na muda ukipita aanze kupiga simu mara moja bila kungoja jioni. Tukiona aibu kuwasumbua watu, tukumbuke kwamba saa za kwanza ndizo zenye nafasi ya kumwokoa mtu. Kama vitisho ni vizito, upo Wakala wa Kuwalinda Mashahidi, na mwendesha mashtaka au wakili anaweza kukuombea ulinzi huko. Najua si jambo jepesi. Ulinzi waweza kumaanisha kuhama nyumba na kuacha kazi, na mtu anayekula kwa kile alichopata leo hawezi kuacha steji yake kirahisi. Ndiyo maana familia na majirani wanapaswa kushiriki, hata kwa kumchangia kodi ya miezi michache mahali pengine.

Nasi tusioumizwa? Mtu akitujia akasema, "Yule askari ananifuatafuata," jibu letu la haraka huwa, "Achana nao, serikali ina mkono mrefu." Nami naweza kulitoa jibu hilo bila kufikiri, kwa kudhani ninamwonea huruma. Huruma ya kweli ni kumuuliza lini, wapi, na nani mwingine aliona, kisha kumsindikiza akaandikishe.

Kwa askari waliovaa sare kwa heshima, na wapo wengi, hukumu hii pia inawahusu. Askari wawili waliofungwa miaka 30 na 24 hawakuwa wamelalamikiwa na Mwenda. Ugomvi haukuwa wao. Waliingia kwa sababu mwenzao aliwaita, na kulindana kule wanakoita udugu wa kazi kukawafikisha gerezani. Mwenzako akileta mtu kituoni bila kumwandika kwenye OB, wewe uliyepo zamu una dakika chache tu za kuamua utakuwa shahidi au mshtakiwa. Andika jina la mtu yule kitabuni. Piga simu kwa mkubwa wako, na mkubwa asiposikia, mpigie wa juu yake.

Na mkuu wa kituo asiseme anamwonea askari wake akimwondoa barabarani kabla hajapatikana na hatia. Kumpa kazi ya ofisini si kumhukumu. Mshahara wake unaendelea, cheo chake kipo, na kama amesingiziwa, uchunguzi utamsafisha, kama mahakama ilivyomwachilia askari wa nne katika kesi hii. Kumhamisha kimya kimya kwenda kaunti nyingine nako hakutoshi, maana huko anakokwenda raia hawamjui na faili lake halimfuati. Kwa hiyo, mkuu, barua ya IPOA ikifika mezani kwako na jina la askari wako limo, chukua silaha yake siku hiyo, mzuie kumkamata mlalamikaji au kushughulikia kesi yoyote inayomhusu, agiza kila kesi mpya dhidi ya mlalamikaji ipitie kwako kwanza, na umwandikie mlalamikaji huyo kumjulisha kwamba umefanya hivyo, ukiweka sahihi yako na namba yako ya simu.